Chama kilinigombanisha na kaka yangu, sasa chama chenyewe sikielewi

Shikamoo Mama,

Nina umri wa miaka 46. Kadi ya chama nilikatiwa na baba siku niliyotimiza miaka 18. Alinipa mkononi asubuhi na mapema, kwa heshima, kama mtu anayekabidhi hati ya nyumba. Baba alikipenda chama kwa jambo moja alilokuwa akilirudia kila mara: mule ndani mtu asiye na kitu alikuwa na kura moja, na tajiri alikuwa na kura moja. Alipofariki, jeneza lake lilifunikwa bendera ya chama. Mimi ndiye niliyeikunja baadaye, na ninayo mpaka leo.

Nimekuwa katibu wa tawi miaka tisa. Nimekuwa wakala wa chama vituoni katika chaguzi nne. Wakala halisi anaijua kazi hiyo: unafika kabla hakujapambazuka, huondoki hata dakika tano bila kumwachia mwenzako jicho, na hutoki mpaka fomu ya matokeo isainiwe na upate nakala yako. Sikuwahi kudai zaidi ya posho ya siku hiyo. Niliona ninafanya kazi yangu mwenyewe.

Kaka yangu alihamia upande wa pili miaka kumi na moja iliyopita. Alimfuata mwanasiasa mmoja mwenye maneno matamu aliyekuwa akitutukana majukwaani. Nilimwambia kaka, mbele ya watoto wake, kwamba amemzika baba mara ya pili. Hakujibu. Tangu siku ile tumekuwa watu wa salamu tu. Alipofiwa na mkewe nilikwenda, lakini nilikaa saa moja, pembeni, kwa sababu viongozi wa chama chake walikuwa wamejaa pale na sikutaka nionekane nao. Sikumshika hata mkono. Niliondoka kabla ya mazishi.

Sasa sikiliza kilichotokea, Mama. Kwenye kura za maoni za ndani ya chama mwaka huu tulimpitisha mwalimu mmoja, mtu wa hapa hapa, tunayemjua. Alimzidi aliyemfuata zaidi ya mara tatu. Nilihesabu mimi mwenyewe na nakala ya fomu ninayo. Baada ya wiki mbili majina yakarudi kutoka juu, jina la mwalimu limekatwa. Aliyewekwa ni yule yule mwanasiasa aliyemhamisha kaka yangu! Ametuhamia sisi, na tayari ni mgombea.

Ukaandaliwa mkutano wa kumpokea. Nikaambiwa nimvishe skafu mimi, kwa kuwa ni mwanachama wa siku nyingi na watu wananiamini. Nilimvisha. Alinishukuru kwa kuniita mama. Nilirudi nyumbani nikaoga mara mbili.

Kwenye kikao cha tawi niliuliza kura zetu zimekwenda wapi. Mwenyekiti akasema vikao vimeshaamua na chama kina wenyewe. Nilipouliza tena, mmoja akanirushia kwamba mkataa pema pabaya panamwita. Jioni nikakuta nimeondolewa kwenye kundi la simu la makada, na kuna wanaoniita msaliti.

Sijui nirudishe kadi au nivumilie. Sijui nimpigie nani kura, au nisiende kabisa, au niende nikaiharibu makusudi kama vijana wengi wanavyosema watafanya. Jirani zangu wananiambia siasa ni mchezo mchafu, niachane nao nilee wajukuu. Na kaka yangu naye, sijui hata nianzie wapi.

Mwenye Kadi

—

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale pa skafu. Waliokuchagua umvishe walijua wanachofanya. Walihitaji uso unaoaminika mbele ya wanachama, ili miaka yako 28 imfunike mtu wa wiki mbili. Usiichukie mikono yako kwa kutii. Ulipewa kazi mbele ya watu na hukupewa nafasi ya kufikiri. Lakini likumbuke hili pia: mtu asiye na thamani haazimwi uso. Ulichonacho wanakihitaji, na wewe ulikuwa hujui kwamba unaweza kukikataza.

Umeitwa msaliti. Hebu tulipime neno hilo kwa fomu uliyonayo. Chama kiliwaambia wanachama wake: njooni mpige kura, mtakayemchagua ndiye. Ninyi mkaja mkapiga, wewe ukahesabu, ukasaini, ukanyamaza ukisubiri. Ahadi ikavunjwa na upande mwingine. Anayeuliza ahadi imekwenda wapi ndiye aliyebaki mahali pale pale alipoachwa. Na baba yako, kwa maneno uliyoyaandika wewe mwenyewe, alikipenda chama kwa sababu ya ile kura moja ya mtu asiye na kitu. Kura hizo ndizo zilizokatwa. Kwa hiyo ulipokuwa ukiuliza kwenye kikao, ulikuwa umesimama upande wa baba yako, ingawa mwenyekiti ndiye mwenye muhuri.

Nataka uelewe kilichompata mwalimu wenu, maana hasira bila kuelewa itakupeleka kubaya. Mwaka 1911 Robert Michels, msomi mzaliwa wa Ujerumani aliyewahi kuwa mwanachama wa chama cha wasoshalisti cha huko, aliandika juu ya jambo lililomuumiza. Chama kile kilihubiri usawa kuliko kingine chochote, lakini ndani yake mambo yaliamuliwa na watu wachache. Wachache hao ndio waliokuwa na gazeti, fedha, ratiba za vikao na ujuzi wa kuendesha mambo, na wanachama wa kawaida wakawashukuru na kuwaachia. Michels akasema kila chama kikubwa huishia huko. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Lakini habari yake nakupa kwa ajili ya alichokifanya baadaye. Akiwa amekata tamaa na vyama na vikao vyake, katika miaka ya 1920 alijiunga na chama cha Mussolini, dikteta wa Italia, akiamini kiongozi mmoja mwenye nguvu atazungumza na wananchi moja kwa moja. Mtu aliyeona ugonjwa vizuri kuliko wenzake wote alikwenda kunywa sumu. Mtu aliyechoshwa na chama huwa rahisi kudakwa na yeyote anayesema vyama vyote ni uchafu, nifuateni mimi.

Ndiyo maana maneno ya jirani zako yamenikera kidogo, wanisamehe. Huo msemo wa mchezo mchafu nimeusikia maisha yangu yote, na sijawahi kuona ukimwondoa uwanjani mtu mchafu. Unawaondoa watu kama wewe. Chama ni chombo cha lazima: bila vyama mpiga kura angekutana na majina mia bila kujua nani anasimamia nini, na bunge la watu wasiofungwa na lolote lingeshindwa kukubaliana hata bajeti. Tatizo linaanza pale chombo kinapojiona ni ukoo, na mwanachama anapokubali.

Tena kuna sheria zinazoongeza nguvu za wenye muhuri. Tanzania, kwa mfano, mgombea lazima adhaminiwe na chama, na mbunge akipoteza uanachama amepoteza kiti. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2013, katika shauri alilokuwamo Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa Tanzania, kwamba kumzuia mgombea binafsi kunavunja haki. Mlango huo bado umefungwa. Kenya, Katiba ya 2010 inamruhusu mtu kusimama peke yake, mradi asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Hukutaja nchi yako nami sikuulizi, lakini mwambie mwalimu wenu aisome sheria ya kwenu leo, kwa sababu mambo haya huharibika kwa kalenda. Na wewe utambue kwamba mbunge ambaye kiti chake kiko mfukoni mwa chama atamwogopa katibu wake kuliko anavyokuogopa wewe. Hata akiwa mtu mwema.

Sasa kadi. Usiirudishe wiki hii.

Kabla ya kuondoka kuna kitu hujakifanya, na nimeshangaa mtu wa fomu kama wewe hukukitaja: hujaandika. Umeuliza kwa mdomo, kwenye kikao, mbele ya watu waliokwisha kukubaliana. Kaa chini uandike rufaa ya ukurasa mmoja. Weka nakala ya matokeo. Uliza kikao kipi kilikata jina, tarehe gani, kwa kifungu kipi cha katiba ya chama. Usimtukane mtu, usimtaje hata yule mgeni kwa ubaya. Tafuta wanachama wengine watano au sita waliokuwa kituoni wasaini pamoja nawe, ili isiwe barua ya mwanamke mmoja aliyekasirika. Peleka kwa mkono, usainiwe kwamba imepokelewa, na uandike siku unayotegemea jibu. Kura za maoni ndipo mahali ambapo kura ya mwanachama mmoja ina uzito mkubwa kuliko popote, kwa sababu wapigaji ni wachache. Ukitoka leo umewaachia uzito huo bure.

Wakikujibu kwa hoja, hata kama hukuipenda, una chama cha kuzungumza nacho. Wakikunyamazia, au wakakujibu kwa methali, rudisha kadi. Irudishe ofisini kwa mkono wako, pamoja na barua fupi inayoeleza kwa nini. Usiirudishe kwenye jukwaa la chama kingine huku watu wanapiga vigelegele. Na usijiunge kwingine mpaka upite angalau uchaguzi mmoja. Huko nako wana skafu.

Najua kinachokutia hofu: utakuwa nani bila kadi. Miaka 28 si midogo. Lakini chama kinachojua kwamba hutaondoka hata kikufanye nini hakina sababu ya kukusikiliza, na ninyi wa tawi mmewahakikishia hivyo kwa muda mrefu sana. Tazama Botswana. Chama cha BDP kilitawala tangu uhuru mwaka 1966. Uchaguzi wa 2019 kilipata viti 38 kati ya 57. Oktoba 2024 kilibaki na 4 kati ya 61. Miaka mitano tu, mwanangu. Wapiga kura wale hawakuagizwa kutoka nje. Wengi walikuwa ni wale wale waliokipigia zamani, wakaamua safari hii hapana. Kuna wazee pale ambao huenda kwao ilikuwa kama kumwacha mzazi, na walifanya.

Siku ya uchaguzi nenda. Hili nalisema kwa nguvu. Kuharibu kura kunawavutia vijana kwa sababu kunafanana na kupiga kelele, lakini wewe umekaa mezani wakati wa kuhesabu, unajua kinachoipata karatasi ile. Inawekwa kwenye fungu lake, inaandikwa namba, inafungwa. Hakuna anayeuliza kama mwenyewe alikuwa na hasira au alikosea kuweka alama. India walijaribu njia yenye heshima zaidi: Mahakama ya Juu iliamuru mwaka 2013 kwamba mashine za kura ziwe na kitufe cha kumkataa kila aliyegombea. Mamilioni hukibonyeza. Hata hivyo mgombea mwenye kura nyingi kuliko wenzake bado ndiye anayepewa kiti, hata zile za kuwakataa wote zikizidi za kwake. Ni njia ya kusema umeumia, na wakati mwingine kusema hivyo kunatosha. Lakini usidhani umeamua jambo.

Kama kituoni unapewa karatasi zaidi ya moja, zipige moja moja. Kama diwani wa chama chako amefanya kazi, mpe. Kama huyo uliyemvisha skafu hastahili, mnyime, wala usione haya. Umezoea kuona alama ya chama na mkono ukajiendea wenyewe. Safari hii soma jina, jiulize mtu huyu alifanya nini alipokuwa na madaraka, ndipo uweke alama. Itakuchukua dakika mbili zaidi. Itakuwa pengine ndiyo mara ya kwanza unapiga kura yako mwenyewe tangu baba alipokupa kadi, na sisemi hivyo kukudharau. Wengi tumepiga kura za wazazi wetu miaka mingi.

Limebaki la kaka yako. Umeliweka mwisho kabisa, kwa mstari mmoja, kama mtu anayepitisha kitu chini ya mlango. Nami nimelichelewesha, lakini ningependa ulifanye kabla ya yote niliyokuandikia, hata kabla ya rufaa.

Umejiuliza yuko katika hali gani sasa hivi? Alimfuata mtu yule miaka kumi na moja. Alikupoteza wewe kwa ajili yake. Alimzika mkewe huku dada yake amekaa pembeni, kwa ajili ya siasa za mtu yule. Kisha asubuhi moja akaamka akamkuta amevaa skafu ya chama cha baba yenu, na aliyemvisha ni wewe. Mmeachwa na mtu mmoja, kila mmoja upande wake. Sidhani kuna mwingine atakayeyaelewa maumivu yako kama yeye, wala atakayeyaelewa ya kwake kama wewe.

Nenda kwake siku ambayo hakuna mkutano wala kampeni. Nenda peke yako. Usivae nguo ya rangi yoyote ya chama. Usianze na habari za mwanasiasa yule, kwa sababu ukianza naye mtamalizia naye, na atakuwa amewala tena. Anza na marehemu wifi yako. Mwambie kwamba ulikaa saa moja pale ulipopaswa kukaa siku zote za msiba, na kwamba hukumshika mkono. Kisha mwambie lile neno la kumzika baba mara ya pili halikuwa kweli. Uliseme mbele ya watoto wake, kama wapo, kwa kuwa walikuwapo ulipolisema.

Huenda asijibu siku hiyo. Hata mara ya kwanza hakujibu, naye hakuwa amekosa la kusema. Ukiona kimya usikijaze kwa maelezo. Omba kuonyeshwa kaburi la mkewe, ambalo siku ile uliondoka kabla ya kulifikia, na mwende pamoja.